Matundu Nane

Mimi ni fundi pikipiki, Nyakato, nyuma ya kituo cha mafuta.
Mbao nimezijulia ukubwani,
kama mtu anayeanza kusoma mvi zimeshaingia.
Ndiyo maana kitanda hiki hakina msumari hata mmoja:
ni bolti na nati, spana namba kumi,
kitu anachokifunga mtu, na mtu akakifungua.

Mninga alinipa Masalu, mabaki ya mlango wa kanisa.
Akanikopesha randa, na pembe ya karakana yake Mabatini,
chini ya lile jiwe lililoinama
ambalo kila mgeni huuliza litaanguka lini.
Umeme ukikatika tulipiga randa kwa mkono.
Maranda yalijikunja kama masikio ya mwanambuzi,
yakaingia kwenye soksi, yakaingia kwenye chai.

Nafasi kati ya ufito na ufito niliipima kwa kopo la nyanya:
likipita, ni pana mno, fungua, anza upya.
Lilipita mara mbili.
Mara ya tatu liligoma,
nami nikakaa kwenye vumbi la mbao nikacheka peke yangu.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Misungwi
na gunia la michembe na macho ya kukagua.
"Hicho nini?"
Nikasema, mbao.
"Mbao za nini?"
Nikanyamaza.
"Mbeleko haikatwi, baba, na mwana hajazaliwa."
Hakutaja mwaka juzi. Hakuna aliyetaja mwaka juzi.
Limi aligeuka, akachochea moto usiohitaji kuchochewa.

Basi nikafungua.
Bolti thelathini na mbili, moja moja,
kitanda kikarudi kuwa vipande,
na kipande si kitanda, hata mama mkwe alikiri.
Miguu ikalala darini kwa jirani, mama Kwandu,
ubavu mmoja nyuma ya kabati lake,
mwingine chini ya gunia la mkaa.
Sisi tukabaki na nyumba isiyotarajia mtu.

Lakini usiku ule, kabla sijazitawanya,
kwa tochi ya simu nilitoboa matundu nane zaidi.
Manne ya chini, ya siku atakayotaka kushuka mwenyewe:
ubavu mmoja uondoke,
kiwe kitanda cha mtu mwenye makovu magotini.
Manne ya juu, ya benchi,
la kukalia akifunga kamba za viatu vya shule,
au akininunia.
Nati zake nikazitia kwenye kopo la siagi,
nikaliandika kwa kalamu nene: BADO.
Mama mkwe sikumwambia. Tundu si kitu;
tundu ni mahali pasipo na mbao.

Alizaliwa Bugando, alfajiri ya Jumanne,
mvua ikisugua mawe ya mji mzima,
hata jina halikutafutwa, lilikuja na maji yake: Kabula.
Na nani alikuwa wa kwanza kugonga kwa mama Kwandu
kudai miguu ya kitanda?
Mama mkwe, kanga imemganda mgongoni,
tope hadi kwenye vifundo.
"Lete spana," akaniambia. "Unasubiri nini?"

Yeye alishika, mimi nikakaza.
Mkono wake haukutetemeka. Wangu ulitetemeka.

Sasa Kabula ana wiki tano.
Kitandani mwake zinalala nepi zilizokunjwa,
chandarua, na mwavuli wa bibi yake.
Yeye hulala kifuani kwa Limi
na habari za mninga hataki kuzisikia.

Nikiamka usiku, upepo wa ziwa ukipenya dirishani
na harufu ya dagaa walioanikwa,
napitisha kidole kwenye matundu nane
niliyoyaziba kwa nta ya mshumaa.
Moja limelegea kidogo. Nalikandamiza kwa gumba.
Kopo liko juu ya kabati, na nati zake.
Silitikisi. Mtoto amelala.